Taya Lililovutwa Mbele

Gwamaka aliniambia wazi kabla sijakatwa taya: hanipandishi tena kwenye lori lake mpaka nilale kama watu. Tulikuwa kwenye foleni ya mpakani, Tunduma, nimejilaza kwenye kitanda cha nyuma ya siti. Nikakoroma, halafu pumzi ikakata. Akanitikisa, sikuamka. Akanimwagia maji yake ya kunywa.

"Shikulu," alisema nilipozinduka, "maiti siwezi kuivusha mpaka. Ina karatasi zake."

Shikulu ni babu kwa Wazambia, na madereva wetu wameiga.

Basi nikaenda hospitali kubwa. Daktari akasema taya langu la chini limekaa nyuma mno, ulimi hauna nafasi, nikilala unaziba njia ya hewa. Wakalikata, wakalivuta mbele, wakalikaza kwa vyuma na skrubu, na meno wakayabana kwa raba ndogo. Nilikubali yote kwa ajili ya siti ile. Mimi sijawahi kukaa mahali nikapanda mahindi nikayavuna mwenyewe. Nimebeba chumvi Ivuna, nimechimba dhahabu Galula, nimeuza vitenge hadi Kitwe.

Dada yangu Ferista ndiye aliyenipokea, hapa Ihanda, nyumba yake iko kando ya barabara kuu. Ananilisha uji wa ulezi uliochujwa, kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Mdomo wa chini na kidevu vina ganzi. Uji ukimwagika sijui mpaka niuone kwenye shati. Nikikigusa kidevu ni kama nimegusa goti la abiria mwenzangu. Daktari alisema mishipa itaamka polepole, pengine si yote. Nilimsikiliza kama anamsema mtu mwingine.

"Mzee Osea, leo una kidevu! Tukutafutie mke?" majirani hunitania. Ferista hucheka. Mimi hutikisa kichwa.

Zamani lori likipiga honi nilikuwa nakunja shuka niondoke. Sasa malori yanapita mchana kutwa, nayasikia kama mvua inayonyesha kijiji cha pili.

Alhamisi Gwamaka akaegesha mbele ya nyumba.

"Shikulu, nasikia umeundwa upya. Naenda Lusaka, panda."

"Hapandi," Ferista akasema, anajifuta mikono kwenye kanga. "Alale kwanza, nimsikie."

"Mchana huu, mama?"

"Huyo kwenye lori hajawahi kukosa usingizi. Akikoroma, anabaki. Asipokoroma, mchukue."

Nikapanda, nikajilaza, nikasinzia kweli.

Niliamshwa na kofi. Ferista alikuwa amepiga magoti kwenye siti, macho yamemtoka.

"Osea! Kaka!"

"Nini?" nikauliza, meno yamebana.

"Nimetega sikio, sikusikia kitu. Nikajua umeshakwenda."

Gwamaka alikuwa anacheka huko chini. "Mama, ndivyo watu wanavyolala! Umeshindwa, lete begi la mzee."

Ferista akaleta begi, chupa ya uji na lile bomba. Akamwelekeza Gwamaka, "Akila, mwambie ajifute hapa. Mwenyewe hajui." Akaonyesha kwenye kidevu chake yeye.

Gwamaka akawasha injini, siti ikatetemeka chini yangu. Nikangoja. Hiki ndicho nilichokatiwa mfupa. Hewa iliingia bila shida, ikatoka bila shida, ina harufu ya dizeli, na moyoni hakuna kilichoinuka. Nikangoja mpaka akaingiza gia.

"Simama."

"Umesahau nini?"

"Sijasahau kitu. Nenda tu."

"Shikulu, siti hii nimewanyima watu!"

"Mpe mmojawapo."

Akanikazia macho, anataka sababu. Nikashuka kinyumenyume na begi langu, nimeshika chuma cha mlango, naye akaondoka kuelekea Tunduma bila kupiga honi.

Nilidhani Ferista atafurahi.

"Umeshuka kwa ajili yangu?"

"Hapana."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa?"

Nikafikiri, nimpe jibu la kweli. "Sijui, dada. Labda safari nyingine nitataka."

Begi hakulirudisha chumbani. Akaliweka barazani, karibu na mlango, akaenda kugeuza kahawa yake kwenye kichanja. Mimi nikakaa hapo, napumua.