Sufuria za Watu

Mama Pacha aliingia mahakamani kifua mbele. Miezi kumi hajatia tone la pombe kinywani, na cherehani yake inafanya kazi kutwa. Mwaka jana mahakama hiyo hiyo ilimnyang'anya mabinti zake pacha, wa miaka sita, baada ya kukutwa wamefungiwa ndani siku mbili na njaa yao, yeye akiwa kilabuni, kalewa chakari. Leo alikuja kuwachukua, na wala hakuona sababu ya kurudi mikono mitupu.

Afisa ustawi wa jamii, mama mkavu asiyecheka ovyo, alisoma ripoti yake. Nyumba safi. Kitanda kipo, neti ipo. Kisha akavua miwani.

"Ila mheshimiwa, jikoni niligeuza sufuria moja moja. Chini zina alama za rangi, zile watu wanazopaka ili vyombo vyao visipotee kwenye shughuli. Huyu ameazima jiko zima ili anipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

Watu wakaguna. Mama Pacha hakuinamisha kichwa.

"Uliazima kweli?" hakimu aliuliza.

"Kweli, mheshimiwa. Zangu niliziuza zote nikanywa. Niliogopa mkikuta jiko tupu mtaninyima wanangu. Hapo nilikosea, ningesema tu."

Nyuma kabisa akainuka muuza mkaa, jirani yake wa mlango wa pili. Karani alimwambia akae, thubutu!

"Alama ya bluu ni yangu! Mheshimiwa, huyu alikuwa akiazima sufuria asubuhi, jioni imeshakuwa pombe. Zangu mbili zilikwenda hivyo. Mtaa mzima tulikuwa tukimwona tu, tunaingiza vyombo ndani, hata kijiko. Hiyo ya tatu nimempa juzi kwa mkono wangu mwenyewe. Kwani mimi mjinga?"

Kicheko kikapasuka; hakimu naye alijikaza kidogo. Akamgeukia afisa.

"Ulihesabu rangi ngapi?"

"Saba."

"Basi ni nyumba saba zilizomwamini."

Afisa alivaa tena miwani. Halafu, na hapa anastahili sifa yake, akachukua kalamu akaliandika hilo kwenye ripoti kwa mkono wake. Amri ikatoka: watoto warudi kwa mama yao, na afisa awatembelee kila wiki mbili bila kutoa taarifa mapema.

Walikabidhiwa kwenye korido. Mama Pacha alipiga magoti, akakunjua mikono, akijua watamrukia. Hawakumrukia. Pacha mkubwa alisogea polepole, akamshika mashavu, akaleta pua karibu na mdomo wake, akanusa.

Ilimuuma, tena sana. Lakini hakurudi nyuma. Alipanua kinywa akapumua kwa nguvu, ili mtoto anuse vizuri.

Mtoto akamgeukia mwenzake aliyebaki ukutani.

"Njoo," alimwambia. "Ni mama."