Dakika za Chiriku

Mwalimu alimwambia fundi makochi bila kuzunguka.

"Binti yako ana disleksia. Akili anazo tele, herufi ndizo zinazomsumbua. Soma naye dakika kumi kila asubuhi, mahali palepale, saa ileile. Zikiisha, acheni, hata kama mmefika patamu. Akikichukia kitabu, kumrudisha ni kazi."

Mambo ya vipimo fundi aliyaweza. Alikata kadibodi anayochorea vitambaa vya makochi, akaitoboa dirisha jembamba la kuonyesha mstari mmoja tu. Kila asubuhi baada ya chai akawa anaketi jikoni na bintiye wa miaka tisa. Walimwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Mbele ya kitabu tu ndipo alipokuwa bubu. Lakini baada ya wiki mbili dirisha lilikuwa linashuka mstari kwa mstari, na sauti, ingawa ilijikwaa, ilikuwa inatoka.

Asubuhi moja akasoma ukurasa mzima. Simu aliyoitega ikalia: dakika kumi zimekwisha. Fundi akaizima.

"Endelea, mwanangu. Umeshapata mwendo."

Kwenye kazi yake, kitambaa kikishavutwa juu ya kochi hakiachiwi mpaka kipigwe pini pande zote. Basi akavuta. Ukurasa wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne mtoto alianza kukosea hata maneno aliyoyajua, kisha akalaza kichwa mezani, akalia kimyakimya.

Kesho yake tumbo lilimuuma. Keshokutwa, kichwa. Siku ya tatu hakujisumbua kutafuta ugonjwa.

"Sisomi," alisema, akajifunika shuka gubigubi.

Mkewe fundi alikuwa anafunga vifungo vya sare yake ya kazi. "Baba Chiriku, umempigilia mtoto misumari kama kochi la mteja."

"Nilikuwa namsaidia!"

"Mwambie yeye, si mimi."

Fundi hakuwa mtu wa kuomba radhi. Wateja aliowachelewesha mwezi mzima ni mashahidi. Siku hiyo alijipiga nyundo kidoleni mara mbili. Asubuhi iliyofuata alichuchumaa kando ya kitanda cha bintiye, magoti yakimlia.

"Nilivunja makubaliano. Ulisoma vizuri, mimi nikaingiwa na tamaa. Samahani, mama."

Jicho moja likachungulia kutoka chini ya shuka. "Na ukirudia?"

"Simu shika wewe. Ikilia, nafunga kitabu."

"Hata nikitega dakika mbili?"

"Hata mbili."

Akatega mbili kweli. Paka wa kitabuni ndiyo kwanza alikuwa anafunua sufuria ya jirani, simu ikalia. Fundi akafunga kitabu, uso umemkunjamana kama mtu aliyenyang'anywa sahani akiwa bado ana njaa.

"Baba, unataka kujua mna nini sufuriani?"

"Sana! Nitashindaje mpaka kesho?"

"Pole. Muda umekwisha." Chiriku alicheka mpaka akashika mbavu.

Kesho yake fundi alikuwa bado anapiga mswaki aliposikia kiti kinaburutwa jikoni.

"Baba! Fanya haraka! Nimeshatega sita, na zinakwenda!"

Akatoka mbio, povu mdomoni.