Somo la Wageni

Shule ilikuwa na somo moja lililojulikana na kila mtu, kuanzia mkuu hadi mpishi. Liliitwa somo la wageni. Lilihusu safari ya maji: jua huchoma bahari, mvuke hupaa, mawingu hutanda, mvua hunyesha, mito hujaa, na maji hurudi yalikotoka. Picha yake ilichorwa kwenye kadibodi kubwa iliyohifadhiwa nyuma ya kabati la ofisi ya walimu, ikiwa imefunikwa kitambaa ili jua lililochorwa lisipate vumbi. Mgeni yeyote aliyeingia darasa la tano, awe mkaguzi, mfadhili au mzazi mwenye cheo, alikuta safari ya maji inafundishwa. Wageni wengine waliondoka wakiamini kwamba shule ile inapenda sana mvua.

Kila mtoto alikuwa na jibu lake. Wa dirishani alijibu mvuke. Wa mlangoni alijibu mito. Pacha wawili waligawana bahari. Mpango huu uliwahi kuharibika mara moja tu, pale mtoto wa mawingu alipopata matubwitubwi siku ya ukaguzi. Mvuke ulipaa, ukangoja huko juu, na mvua ikashindwa kunyesha. Tangu hapo mawingu yalikuwa na msaidizi.

Mwanachuo alielezwa haya yote alipofika kufanya mazoezi ya kufundisha. Aliyemweleza alikuwa mwalimu mlezi wake, mama mmoja mpole aliyekuwa akisahihisha madaftari huku akimenya chungwa.

"Mwanangu, mkufunzi wako akija kukutathmini, chukua kadibodi. Usijitese."

"Lakini mama, mimi nimepangiwa hisabati."

"Na yeye anajua umepangiwa nini?"

"Ndiye aliyenipangia."

"Basi atashangaa kidogo. Halafu atafurahi. Wote hufurahi ikifika kwenye mvua."

Mwanachuo alicheka kwa adabu, akaamua moyoni kwamba kadibodi ile hataigusa. Chuoni alikuwa ameongoza katika somo la maadili ya ualimu. Ni kweli kwamba majibu ya mtihani ule yalikaririwa na darasa zima, lakini yeye aliyakariri akiwa anayaamini.

Tena alikuwa na sababu ya kutaka mambo yaende sawa. Mwalimu wa hisabati wa shule ile alikuwa anakaribia kustaafu, na mkuu alikuwa amesema wazi kwamba nafasi hiyo ataitangaza muhula ujao. Mwanachuo aliishi kwa dada yake, fundi cherehani, katika chumba cha kushonea. Alilala chini ya magauni ya wateja yaliyotundikwa ukutani, na mara mbili aliamka akasalimia gauni la bibi harusi akidhani ni mtu. Sasa dada alikuwa mjamzito, na shemeji alikuwa ameanza kuingia chumbani humo na utepe wa kupimia, akipima nafasi ya kitanda cha mtoto bila kusema neno. Alikuwa mtu mwenye staha. Alipima tu, akatabasamu, akatoka.

Siku ya tathmini, mkufunzi aliingia darasani akiwa na mkoba wa ngozi, akaketi nyuma kabisa. Mwanachuo aliinua mkate aliokuja nao.

"Nikiugawa mkate huu vipande vinne vilivyo sawa," aliuliza, "kila kipande kitakuwa sehemu gani ya mkate?"

Watoto walimtazama mgeni. Kisha wakatazamana. Mtoto wa dirishani, ambaye hakuwahi kumwangusha mtu, akasimama wima.

"Jua linapochoma bahari, maji hugeuka kuwa mvuke, mwalimu."

Darasa zima likampigia makofi matatu, kama lilivyofunzwa.

"Hapana," alisema mwanachuo. "Sikilizeni. Mkate. Vipande vinne."

Watoto walielewa kwamba mwalimu wao amesahau zamu, wakaona aibu kwa niaba yake. Msaidizi wa mawingu akasimama ili kumwokoa. "Mvuke ukifika juu hupoa na kuwa mawingu, mwalimu." Makofi matatu. Baada ya hapo hapakuwa na namna ya kuwazuia. Mvua ilinyesha, mito ikajaa, pacha wakamaliza bahari, na mkate ulibaki mezani ukiwa mzima.

Mkufunzi alimpa alama ya chini kabisa inayotosha kufaulu. Kwenye maoni aliandika kwamba somo halikuhusiana na zana iliyotumika, ila wanafunzi wana maarifa mapana. Mwalimu mlezi alimpa kipande cha chungwa.

"Si nilikwambia?" alisema. "Ona sasa. Umefundisha safari ya maji vilevile, tena bila picha."

Kesho yake mwanachuo aliingia darasani na kuwauliza watoto kwa nini walijibu vile. Mwishowe akasimama binti mmoja mwembamba ambaye wenzake walimwita Profesa, kwa sababu hakuwahi kukosa swali hata moja tangu aanze shule.

"Mgeni akiwepo hatutakiwi kukosea, mwalimu," alisema. "Lile ndilo tunalolijua lote."

Jibu hilo lilimsumbua mwanachuo siku nzima. Juma lililofuata alianzisha jambo jipya. Kila siku alitenga kona ya ubao kwa ajili ya kosa la siku. Mtoto aliyekosea kwa namna ya kuvutia aliandika kosa lake pale, na darasa zima lililichunguza mpaka lijue lilikotokea. Hapakuwa na fimbo wala kicheko. Mwanzoni watoto walikosea kwa woga. Kufika mwisho wa muhula walikuwa wakigombea kona, na Profesa alikuwa na huzuni, kwa kuwa hakuwahi kupata zamu hata siku moja.

Mazoezi yakaisha. Mwanachuo alipata cheti chake, na muhula uliofuata nafasi ikatangazwa kama mkuu alivyoahidi. Tangazo lilisema kwamba kila mwombaji atafundisha kipindi kimoja cha hisabati katika darasa la tano mbele ya jopo, kisha atahojiwa.

Nyumbani, dada yake alichukua jukumu la kumwandaa. Alimhoji akiwa na pini mdomoni, huku akikunja upindo wa sketi ya mteja.

"Udhaifu wako ni upi?"

"Dada, ngoja kwanza."

"Jopo halingoji. Udhaifu wako ni upi?"

"Naweza kusema kwamba nachelewa kukata tamaa juu ya mtoto asiyeelewa?"

Dada alitoa pini. "Hiyo ni sifa uliyoivalisha matambara. Wataijua."

"Shoga yangu mmoja alisema udhaifu wake ni kufanya kazi kupita kiasi."

"Akapata?"

"Alikosa."

"Kwa sababu?"

"Walikuwa kumi na wote walisema hivyohivyo."

Shemeji alipita mlangoni na utepe wake. "Shemeji, sema ukweli tu," alisema. "Mimi nilisema ukweli kwenye usaili wangu."

"Ukapata kazi?" aliuliza dada.

"Hiyo hapana. Lakini nililala vizuri."

Siku ya usaili, jopo lilikuwa na watu watatu: mkuu wa shule, mwenyekiti wa kamati ya wazazi ambaye biashara yake ilikuwa mbao, na afisa elimu aliyevaa miwani ya kusomea na kuchungulia juu yake. Waliketi nyuma ya darasa la tano kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwagusa videvu. Kadibodi ya safari ya maji ilikuwa imeletwa na kuegemezwa ukutani, kwa mwombaji ambaye angeihitaji. Mwombaji aliyetangulia aliihitaji.

Mwanachuo aliigeuza ikatazama ukuta. Akaandika ubaoni swali alilolipenda kuliko yote muhula uliopita: nusu jumlisha theluthi. Kisha akangoja.

Mkono mmoja ulinyooka. Ulikuwa wa Profesa.

"Mbili ya tano, mwalimu," alisema Profesa.

Mwanachuo alidhani amesikia vibaya. Akamwomba arudie. Profesa alirudia, akaeleza bila kigugumizi: moja na moja ni mbili, mbili na tatu ni tano. Akaomba ruhusa ya kuliandika jibu hilo kwenye kona ya makosa, akaliandika kwa mwandiko mzuri sana.

Hapo akasimama mvulana wa kiti cha nyuma, mkimya kupindukia, ambaye muhula mzima uliopita alikuwa amesema "ndiyo" na "hapana" tu.

"Nina swali kwa mwenzangu," alisema. "Nusu peke yake ni kubwa kuliko mbili ya tano. Sasa tumejumlisha au tumepunguza?"

Darasa likavuma. Mtoto mmoja alipendekeza wachore mkate. Mwingine alisema mkate wenyewe ukatwe vipande sita, maana sita inagawanyika kwa mbili na kwa tatu. Wa tatu akakosea tena njiani, akarekebishwa kwa upole. Wakafika kwenye tano ya sita wakiwa wanahema kama watu waliopanda mlima. Mwenyekiti wa kamati alikuwa amesahau magoti yake. Afisa elimu alivua miwani.

Mwanachuo angefurahi kama wao, lakini alikuwa amesimama mbele, na mtu aliyesimama mbele huona nyuso. Mvulana mkimya alipokuwa akiuliza swali lake, midomo ya Profesa ilikuwa ikicheza pamoja naye, neno kwa neno.

Alielewa yote mara moja. Walikuwa wamejiandaa wenyewe. Walikuwa wamegawana makosa kama walivyogawana mvuke na mawingu, na Profesa, ambaye hakuwahi kukosea, alijichukulia kosa kubwa kuliko yote.

Jopo lilihamia ofisini kwa mkuu. Mwanachuo aliketi kwenye kiti kilichokuwa na mguu mmoja mfupi, akajitahidi kutoyumba. Maswali ya mwanzo yalikuwa mepesi. Kisha afisa elimu akachungulia juu ya miwani.

"Udhaifu wako ni upi?"

Majibu yote aliyofanyia mazoezi na dada yalipita kichwani mwake, yakiwa yamepigwa pasi. Alifikiria chumba cha kushonea. Alifikiria utepe wa shemeji.

"Somo mlilolitazama lilikuwa limeandaliwa," alisema. "Si na mimi. Watoto walipanga wenyewe nani akosee na nani amrekebishe. Yule binti anajua kujumlisha sehemu kuliko baadhi ya watu wazima. Nimegundua katikati ya kipindi, na sikusimamisha. Nadhani huo ndio udhaifu wangu. Niliitaka kazi."

Kiti kikayumba.

"Hili jibu ni zuri," alisema mwenyekiti wa kamati, akimgeukia mwenzake. "Hawa wengine wote wanafanya kazi kupita kiasi."

"Mheshimiwa, sikulitunga. Ni kweli."

"Ndiyo uzuri wake. Linasikika kama kweli."

Afisa elimu aliandika kwa muda, akisoma kwa sauti ndogo: mnyenyekevu, anajitathmini. Mkuu wa shule peke yake ndiye aliyeonekana kuumia.

"Walifanya mazoezi bila kunishirikisha?" aliuliza. "Na nani aliwafundisha kukosea namna ile?"

"Mimi," alisema mwanachuo. "Kukosea niliwafundisha mimi. Kuigiza walikuwa wanajua."

Alirudi nyumbani akiwa na hakika kwamba ameipoteza kazi. Alimweleza dada yake kila kitu, na dada akatundua gauni moja ukutani ili mdogo wake apate pa kuegemea.

"Angalau utalala vizuri," alisema shemeji.

Hakulala vizuri. Simu ya mkuu ilikuja siku ya pili, asubuhi, naye akiwa anapiga mswaki. Kazi alikuwa ameipata. Dada alipiga kigelegele kilichomtoa shemeji bafuni na povu masikioni, na utepe wa kupimia ukawa mkononi mwake kabla hajamaliza kutoa pongezi.

Siku ya kwanza ya kazi, mkuu alimngojea kwenye ngazi za ofisi. Alikuwa mchangamfu.

"Mwalimu, karibu sana. Wakaguzi wanakuja Jumatano. Nimeshaamua, safari ya maji tumeistaafisha. Utaonyesha lile la nusu na theluthi, pamoja na lile kosa. Kosa libaki vilevile, tafadhali. Yule wa nyuma aongeze sauti kidogo."

Mwalimu mpya akasema atalifikiria. Akaenda darasani.

Watoto walisimama, wakamsalimu, wakaketi. Profesa alibaki amesimama, vidole vikichezea ukosi wa sare.

"Mwalimu," aliuliza, "nilikosea vizuri?"

Mwalimu alikuwa ametayarisha maneno makali kiasi juu ya ukweli, tena kwa mpangilio. Alimtazama binti yule, ambaye macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyengoja jibu tangu siku ya usaili.

"Ulikosea vizuri mno," alisema. "Ndiyo shida. Asante, na usinifanyie tena."

Profesa aliketi. Mwalimu akafuta ubao mzima, pamoja na ile mbili ya tano ambayo darasa lilikuwa limeihifadhi kwenye kona kama picha ya marehemu. Kisha akaandika swali ambalo hakuwa amelipanga, nalo lilimjia akiwa ameshika chaki: kati ya sifuri na moja, kuna sehemu ngapi?

Watoto walitazama mlangoni kuona kama kuna mgeni. Hapakuwa na mtu. Hakuna aliyekuwa na zamu. Profesa alihesabu kwa vidole, vikamwishia, akaanza upya, akaukunja uso kwa hasira ya kweli.

Hakuna mkono ulionyooka. Mwalimu alivuta kiti, akaketi, akangoja.