Mnara Ndani ya Wingu

Kazi nimefanya nyingi, na nyingi tuliachana kabla hatujazoeana. Msimu ule nilikuwa napima vizuizi vya ndege. Yaani mti, bomba la moshi, mnara, chochote kilichoinuka karibu na uwanja, nakipima kimo. Vipimo nampelekea Mama Ramani, naye anawachorea marubani njia za kufuata wakiwa hawaoni kitu. Ukiruka, nyoosha mpaka hapa, pinda kulia, panda mpaka kimo hiki. Ukija kutua, ukashuka mpaka kimo cha mwisho na uwanja huuoni, usipapase. Pandisha tena kwa mstari huu, uzunguke, ujaribu upya.

Mstari mpya wa kupandisha ulikata juu ya kilima chenye mnara wa simu. Mnara niliupima asubuhi ya ukungu: mita arobaini. Mama Ramani akachora wiki tatu. Mchoro ulikuwa utiwe sahihi na mkuu wake saa nane mchana.

Siku hiyo sijui nini kilinirudisha kilimani. Miguu tu, nadhani, na chombo cha kupimia begani. Nikalala chali chini ya mnara, mawingu yakipita, mpaka nikaona kilima ndicho kinachokwenda na mimi ni abiria wake. Usingizi ulikuwa umeshanishika nusu wingu lilipochanika. Juu ya pale nilipopima palikuwa na fimbo ya kukinga radi, nyembamba kama mwiba wa samaki, ndefu kupita paa la nyumba. Wingu likafumba.

Ningenyamaza, nani angejua? Lakini nilishamwona rubani akipanda ndani ya weupe ule, akiamini namba yangu.

Nikapiga simu.

"Mama, msitie sahihi."

"Kiguu na Njia! Uko wapi wewe?"

"Kilimani. Mnara una fimbo kichwani. Sikuiona."

Nikasikia feni ya ofisini kwake.

"Wewe ulipima mnara au ulipima wingu?"

"Wingu, mama. Nisamehe."

"Mkuu yuko hapa na kalamu mkononi! Nimwambie mpimaji wangu kapima mtu akasahau kofia?"

"Mwambie hivyo hivyo."

"Wiki tatu, baba. Wiki tatu zangu!" Kiti kikasukumwa, akasema, si kwangu: "Samahani mkuu, mchoro hautoki leo." Kisha kwangu: "Haya, fimbo ni mita ngapi?"

"Sasa hivi siioni."

"Basi kaa hapo mpaka uione. Ukiniletea namba ya kukisia, usirudi."

Nikakaa. Ndege ikaja upande wa uwanja, ikashuka, ikashuka, halafu injini zikanguruma: haikuona kitu. Ikapandisha kwa mstari wa zamani, ule unaokwepa kilima kwa mbali. Mlio wake ukazunguka nyuma ya weupe, ukawa mdogo, ukawa kama mtu anayeimba chumba cha pili. Nikafuta kioo cha chombo changu kwa pindo la shati, nikakielekeza juu, nikangoja.