Kigoda Kando ya Kamba

Timu ya kriketi ya wanawake kutoka ng'ambo ilikuja kwa siku moja tu: asubuhi mechi, jioni uwanja wa ndege. Ndani yake alikuwamo mjukuu ambaye Bibi hajapata kumtia machoni. Mama yake, binti wa Bibi, aliolewa huko kwa ugomvi, wazazi wake wote wawili wakiwa wamemkataa mkwe. Tangu hapo kimya, simu hapigi, salamu haleti. Babu alishafariki. Bibi alibaki na swali moja lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki: mwanangu bado ana hasira na mimi?

Mjukuu ndiye aliyeitafuta namba yake. "Bibi, haturuhusiwi kutoka, lakini nitasimama karibu na kamba ya mpaka wa uwanja. Kaa chini ya ule ubao wa matokeo."

Bibi akaja na wifi yake, na kigoda chake kwapani.

Uwanja ulikuwa mpana, majani matupu. Katikati mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, na wengine wametawanyika mbalimbali, wameinama, mikono magotini.

"Hao wanangoja nini?" Bibi akauliza.

"Wanangoja mpira uwafuate," akasema wifi.

"Maskini. Kama mimi."

Binti mmoja mrefu akaja kusimama mbele yao, amewapa mgongo.

"Shikamoo, Bibi. Nisamehe, siwezi kugeuka, kapteni atanifokea."

"Marahaba, mke mwenzangu! Nipe huo huo mgongo. Mwone, wifi, mgongo wa marehemu huo, mpana kama mlango. Haya, mama yako mzima?"

"Mzima, Bibi. Ana duka la..."

Hakumaliza. Akatimua mbio kwenda ng'ambo ya pili ya uwanja.

"Nimemuudhi?" Bibi akashika kifua.

Askari wa mlangoni, aliyesimama karibu nao, akacheka. "Hapana, mama. Kila baada ya mipira sita wanarushia upande mwingine, na hawa nao wanahama. Atarudi."

Bibi hakumsikiliza. Akabeba kigoda, akauzunguka uwanja mzima huku akihema. Kufika kule, binti kesharudi huku.

"Mtapishana mpaka jioni!" wifi akampigia kelele. "Rudi ukae, mwanamke wewe!"

Akarudi, akakaa. Swali lake akalikata vipande, kipande kimoja kwa kila zamu.

"Huwa ananitaja?"

Mpira ukapigwa juu, binti akaukimbilia, kisha akahama bila kujibu. Bibi aliwahi kungoja mengi maishani, lakini mipira sita ile ilikuwa mirefu kuliko mimba.

Binti akarudi. "Hakutaji, Bibi."

Wifi akainamisha macho. Bibi akakunja pindo la nguo yake, akalikunjua.

"Ila jana alinipigia simu," mgongo ukaendelea. "Akaniambia nikuweke chini ya ubao wa matokeo. Hapo kamera inafika vizuri. Yuko mbele ya televisheni tangu asubuhi."

"Kamera? Iko wapi?"

"Ile nyeusi, kulia kwako."

Bibi akainuka, akageuza kigoda, akaketi kuitazama kamera, mchezo akauacha huko nyuma.

"Sema kitu basi!" wifi akamsukuma.

"Sauti haifiki, mama," askari akasema. "Picha tu."

"Afadhali. Maneno tulishapeana ya kutosha."

Watu wakapiga ukelele. Mpira ulikuja ukibingirika, ukavuka kamba, ukaingia chini ya kigoda. Binti akaufuata mbio, akaanguka kwa magoti miguuni pa Bibi, jasho linamtiririka. Kamera nayo ikageuza shingo kuwafuata.

Ndipo Bibi akauona uso. Akaushika kwa mikono miwili.

"Bibi, nipe mpira! Watu wananingoja."

"Wangoje," Bibi akasema, macho kwenye kamera, na mguu wake ukaukanyaga mpira vizuri.