Mkimbiaji Aliyetoa Ushuhuda

Anayetaka kujua jinsi mdomo unavyoponza kichwa, angemtazama Théoneste Jumapili ile asubuhi, pale Remera, jijini Kigali, karibu na uwanja, akifunga kamba za viatu kwa mara ya nne. Viatu vilikuwa vimekaza tangu mara ya kwanza. Aliinama tu ili asiwatazame watu kumi na wawili waliosimama mbele yake na fulana nyeupe, kila fulana imeandikwa kifuani: BWANA AMEMPONYA THÉONESTE.

Kumi na wawili, kama mitume. Na Yuda, alijiambia, ndiye huyu anayehangaika na kamba.

Alikuwa na miaka sitini na moja, fundi wa breki huko Gikondo, mtu aliyekulia Bujumbura na kurudi Kigali akiwa kijana. Marathon ya Kigali alikuwa ameikimbia miaka kumi na minne bila kuruka hata mmoja. Mkewe, Pudentienne, alizoea kusema kwamba laiti marathon hiyo ingekuwa mwanamke, wangeshashikana nywele zamani. Théoneste hakubisha. Aliupenda mteremko wa Nyarutarama, ambako walinzi wa majumba makubwa huacha mageti na kuja kupiga makofi. Aliupenda zaidi mlima unaofuata, maana hapo ndipo vijana waliompita kwa kejeli mwanzoni hukaa ukingoni mwa barabara na kuwakumbuka mama zao.

Halafu presha ikaja. Daktari akamkataza kukimbia, akampa kidonge cha kumeza kila asubuhi. Kwa miaka miwili, zile Jumapili ambazo magari hupigwa marufuku barabarani ili watu wakimbie, Théoneste alisimama kando akiwatazama wenzake wakipita, na roho ikamuuma hasa. Mwaka huu vipimo vikatulia. Daktari akamwambia, "Kimbia, mzee. Lakini kidonge usikiache hata siku moja."

Maneno mawili, basi: kimbia, na kidonge. Kwenye kikundi cha maombi alilifikisha moja.

Kikundi hicho hukutana Ijumaa jioni parokiani. Wengi wao wamelelewa Burundi, Kongo au Tanzania, kwa hiyo husali kwa Kiswahili. Kwao mwenye kupokea jambo jema husimama akashuhudia, na hakuna aliyewahi kusimama pale kulisifu duka la dawa. Lakini Théoneste alikuwa amekusudia kukitaja kidonge, hilo tumpe haki yake. Alisema, "Daktari ameniruhusu kukimbia," na kabla hajavuta pumzi, kiongozi wao Zephaniah akaruka juu, ngoma ikaitika, akina mama wakapiga vigelegele. Miaka miwili hakuna aliyempigia makofi kwa lolote. Kidonge kikamkwama kooni. Akakaa, akifuta machozi, na machozi yalikuwa ya kweli.

Kulikuwa na ubaya gani? Mungu ndiye aliyewapa watu akili ya kutengeneza dawa. Hivyo ndivyo alivyojituliza mpaka nje ya mlango, ambako Mukandekezi alimshika mikono yote miwili. Huyu alikuwa mjane auzaye unga wa muhogo, mwenye presha kama yake na vidonge kama vyake. Mara nyingi walikutana kwenye foleni ya zahanati.

"Kaka Théo," alisema, "siku yenye utamaliza marathon, mimi natupa dawa zangu."

Théoneste alicheka. Alidhani ni furaha tu ya jioni ile, na mtu mwenye furaha huongea mengi. Lakini Ijumaa iliyofuata mama yule alirudia maneno yale mbele ya wote, na fulana zikaagizwa.

Sasa wiki tatu zilikuwa zimepita, na kila njia aliyoifikiria ilikuwa na ukuta mwishoni. Akikimbia na kumaliza, Mukandekezi atatupa dawa. Akijitoa njiani, watasema imani yake ilitetereka, na watafunga siku tisa kwa ajili yake. Alifikiria kusingizia goti. Lakini kwa kikundi kile goti lilikuwa kazi ya dakika tano, wangemwekea mikono palepale na kumsukuma barabarani. Pudentienne alikuwa amemwambia usiku uliopita, akimwita kwa jina la mtoto wao, "Papa Belyse, sema ukweli ulale." Hakusema, wala hakulala.

Lililomtia uchungu zaidi ni kwamba alitaka kukimbia. Tangu alipoamka miguu ilikuwa inamwasha. Namba ilikuwa kifuani, hewa ilikuwa ya baridi nzuri, na wakimbiaji walikuwa wanaanza kujipanga. Angeweza kwenda nao kimya kimya, amalize kwanza, aseme baadaye. Baadaye! Aliichukia nafsi yake kwa jinsi neno hilo lilivyokuwa tamu.

"Leo ni leo!" Zephaniah alipaza sauti. "Mzee wetu, inuka tukuombee."

Théoneste akainuka. Mukandekezi alikuwa ameketi kwenye ukingo wa barabara, kitenge mabegani, mkono mmoja umeshika paji la uso.

"Mimi iko hapa tangu saa kumi na moja, kaka," alisema. "Nataka nikuone na macho yangu."

Nadhani ni yale macho yaliyomshinda. Yalikuwa mekundu, na yalimtazama kama mtoto anavyomtazama baba anayefungua mfuko wa mkate.

"Ninakunywa kidonge kila asubuhi," Théoneste alisema. "Leo nimekunywa. Hata Ijumaa ile ya ushuhuda nilikuwa nimekunywa. Niliruhusiwa kukimbia kwa sababu sikukiacha. Niliwaficha. Nilipenda makofi yenu."

Fulana kumi na mbili zikageukiana. Zephaniah ndiye aliyejikusanya wa kwanza, akatabasamu, akamshika bega.

"Hili ni jaribu, mzee. Saa kama hizi mwovu humtia mtu hofu. Usikubali."

"Si jaribu, Zephaniah. Ni uongo, na ni wangu."

Alipiga goti mbele ya Mukandekezi. "Dada, dawa zako usizitupe. Nakuomba. Mimi nikimaliza leo au nisimalize, wewe unywe."

Mukandekezi hakukasirika. Ingekuwa afadhali angemtukana. Alimtazama kwa muda, kama anayetafuta kitu alichokiweka mahali na sasa hakioni.

"Nilishazitupa," alisema. "Kesho yake ya ile Ijumaa yenye niliahidi mbele ya wote. Niliona kungoja mpaka umalize ni kukosa imani. Nikazimwaga zote mu choo." Akafumba macho. "Tangu jana naona giza huku pembeni, na kichwa kinapiga. Nikasema, ni imani yangu inapimwa."

Wakimbiaji waliitwa mstarini. Théoneste alisikia tangazo kwa Kinyarwanda, kisha kwa Kifaransa, na miguu yake, miguu ile ya kipumbavu, ikastuka kama iliyoitwa kwa jina. Akamshika Mukandekezi kwapani, akamwinua. Alikuwa mzito kuliko alivyodhania, na mguu wake wa kushoto ulikuwa ukiburuzika.

Hema la wauguzi lilikuwa mita mia mbili. Zilimchosha kuliko mlima wowote wa marathon. Walipofika mlangoni, honi ya kuanzia ikalia, maelfu ya viatu vikaanza kugonga lami, na watu wakashangilia. Hakugeuka.

Muuguzi alipoambiwa kwamba dawa zilimwagwa chooni, alimfunga Mukandekezi kipimo mkononi, akasoma, akafunga na kusoma tena. Akamwita mwenzake aite gari la wagonjwa haraka. Kisha akachukua kalamu na kumtazama Théoneste, ambaye bado alikuwa na namba kifuani.

"Nani alimwachisha dawa? Na wewe ni nani wake?"

"Ni mimi niliyemwachisha," alisema Théoneste.