Plasta Kwenye Filamu ya Dobi

Haya nimeyapata kwa wifi yangu, mke wa kaka yangu mdogo, Jumapili iliyofuata harusi ya binti yao, tukiwa tumekaa mkekani tunakunja mapazia ya kuazima ili yarudi kwa wenyewe. Wifi haongopi, ila anapenda kucheka kabla hajafika penye kichekesho, kwa hiyo ilinibidi nimsubiri.

Kaka yangu mtaani wanamwita Kanda. Zamani alikuwa na chumba cha kuonyesha video: mabenchi, televisheni moja, deki moja, na pazia zito mlangoni ili wapita njia wasichungulie. Filamu nyingi zilipita pale, lakini iliyomtoa ni ile ya dobi. Dobi kijana anafua shuka za hoteli, anampenda msichana mpishi wa hoteli hiyo hiyo, na kwa kuwa hawaruhusiwi kuongea kazini, wanacheza. Basi, hadithi yote ndiyo hiyo. Lakini kucheza kwenyewe sasa! Kuna pale dobi anapopanda juu ya pipa akazungusha shuka mbichi mpaka maji yakawarukia wageni wa heshima. Kuna pale wapishi wanapogonga vifuniko vya masufuria, na meneja aliyekuja kuwafukuza anashangaa mabega yake yanacheza yenyewe. Na kuna pale kwenye kamba za kuanikia: msichana anatokea kati ya shuka nyeupe, dobi amenyoosha mkono, naye anamwendea.

Filamu hiyo iliugeuza mtaa. Wanaume walikunja mikono ya mashati hadi kwenye kiwiko, hata wasio na kazi ya kukunjia. Shuka nyeupe ziliadimika sokoni. Wasichana wakatangaza kwamba hawaolewi ila na dobi, mpaka walipokwenda kumtazama dobi wetu wenyewe, mzee wa kikohozi na mgongo uliopinda, wakalegeza masharti. Na harusi bila mchezo wa shuka ikawa si harusi.

Ila kanda ya kaka ilikuwa na mambo yake. Msichana alimwendea dobi, akakaribia kabisa, mara akawa yuko nyuma tena kati ya shuka. Akaja. Akarudi tena. Safari ya tatu ndipo alipofika, na hapo hapo picha ikawa giza, na giza lilipoondoka walikuwa wameshakumbatiana. Watu wazima walielewa bila kuelezwa. Huyo ni msichana aliyelelewa, walisema, harukii mkono wa mwanamume. Anarudi mara mbili akafikiri. Na giza ni heshima, kwa sababu mambo ya watu wawili hayakodolewi macho. Basi mabibi harusi wa kwetu wakawa wanarudi mara mbili, kisha ukumbi mzima unafumba macho, pamoja na mpiga picha. Ndiyo maana hakuna nyumba mtaani yenye picha ya maharusi wakishikana mikono. Kaka akawa mwalimu wa mchezo huo. Mtu akishakubaliwa posa, hatua inayofuata ni kwa Kanda.

Ukweli aliujua yeye na mkewe tu. Deki ilikuwa imeitafuna kanda. Kaka akatafuta kanda nyingine mbovu ya filamu hiyo hiyo, akakata huku na huku, akaunga vipande kwa plasta ya kidonda aliyopewa na wifi. Walikusudia kuwaambia watu siku ile ile ya kwanza. Lakini watu walitoka chumbani wanafuta machozi, na nani angekatiza kilio kizuri namna ile?

Miaka ikaenda, ikafika zamu ya binti yao. Mchumba ni fundi friji kutoka upande wa pili wa mji, kijana mtaratibu, aliyelelewa na mama yake peke yake. Mama huyo ni mkunga. Filamu ya dobi aliitazama ujanani kwenye sinema ya kweli, na anaijua kama mlango wa nyumba yake. Alikuja kutazama mazoezi. Binti alipomgeuzia mwanawe mgongo mara ya kwanza, mkunga alidhani kiatu kinambana. Mara ya pili akachukua mkoba wake. Akasema mwanawe hatakataliwa mbele ya watu, si mara mbili, hata nusu. Msichana wa dobi alikwenda moja kwa moja. Ama binti aende hivyo, ama ukoo wao hauji, na mwanawe haoi bila mama yake. Fundi friji akatazama viatu vyake.

Binti akajifungia chumbani. Akienda moja kwa moja, mtaa utasema Kanda amewafunda wa wenzake akamsahau wake. Akirudi, ndoa hakuna.

Kaka akaona yaishe. Akawaita majirani kwenye kile kilichokuwa chumba cha video, mkunga naye akiwepo, akaeleza yote, deki na plasta. Mshona mapazia, jirani yao mwenye mdomo, akasimama.

"Shemeji, mimi nilirudi mara mbili na mume wangu akasubiri. Leo unataka kuniambia nimeozeshwa na deki mbovu?"

Wakamwambia wanamwelewa, mzazi hujizulia hata uongo kwa ajili ya mtoto, wamemsamehe. Mkunga akatoa diski aliyokuja nayo, filamu nzima isiyo na doa. Wakaitazama. Msichana akatoka kwenye shuka, akaenda moja kwa moja, akaushika mkono. Mshona mapazia akamgeukia mkunga kwa upole, kama anampa pole ya msiba.

"Mama, hii yenu imekatwa."

Wote wakakubali. Wamekata penye utamu.

Kesho yake kaka na wifi walikwenda kwa mkunga na ile kanda kuukuu. Kaka akauvuta utepe mpaka plasta ikaonekana, imekuwa ya kahawia. Mkunga akaishika, akaigeuza, akacheka mpaka akaketi.

"Kwa hiyo wanawake wote wale wamerudi kwa sababu ya hiki?"

"Wote, mkwe."

"Na wanaume wakasubiri?"

"Walisubiri. Walidhani ndivyo inavyotakiwa."

Akauliza kama hakuna aliyerudi asije tena. Kaka akasema yupo mmoja, aliporudi mara ya pili alipitiliza mpaka nje. Hajambo, anauza viatu. Mkunga akaacha kucheka.

"Mimi nilikwenda moja kwa moja," akasema. "Kama yule wa sinema."

Wifi anasema ukutani kwa mkunga hapakuwa na picha ya mwanamume yeyote ila mwanawe. Hawakuambiwa kama atakuja au haji.

Alikuja. Harusi ilikuwa mchana, akakaa mbele na ukoo wake, mkoba mapajani. Binti akatokea kati ya shuka, akamwendea fundi friji, na alipobakiza hatua chache akasimama. Miguu ilikataa kwenda na kurudi. Akamtazama mama mkwe. Mkunga akazungusha kidole hewani: geuka.

Binti akageuka. Dada wa mkunga akataka kuinuka, mkunga akamvuta gauni.

"Kaa chini. Anafikiri."

Akarudi mara ya pili. Alipokuja ya tatu mtaa wetu wote ukafumba macho, wageni wakabaki wamekodoa, mshona mapazia akawafokea wafumbe nao. Mkunga akamfunika dada yake uso kwa kiganja. Yeye mwenyewe hakufumba. Alimwambia wifi baadaye kwamba mkono wa mwanawe ulikuwa umenyooka muda wote bila kushuka, na binti aliupokea kwa mikono miwili.

Jioni kaka alikaa sebuleni bado amevaa viatu, akingoja mtu aje kumwita mwongo. Akaja baba mmoja wa mtaa wa nyuma, mwanawe anaoa, anaomba nafasi ya mazoezi. Akasema amesikia siku hizi kuna na habari ya plasta, ila hakuelewa vizuri: bibi harusi anaivaa mkono upi?

Kaka akamtazama mkewe. Wifi alikuwa ameshaanza kucheka.

"Wa kushoto," kaka akasema.

Mgeni akashukuru, akaenda zake. Kaka akavua kiatu kimoja, akajilaza kwenye kochi apumzike kidogo kabla ya kuvua cha pili, na usingizi ukamchukua.